Nilienda Kumzika Baba, Mchumba Wangu Akabaki na Ugunduzi Wangu

Admin, ukipost tafadhali toa jina langu. Watu wa kanisa letu hapa Birmingham karibu wote wako kwa hii page.

Mimi ni dada Mkenya wa miaka 29, nasomea PhD ya kemia. Natengeneza rangi ambayo ukiiweka kwenye seli, zilizo hai zinabaki giza, zinazokufa zinawaka kijani chini ya darubini. Ikifaulu, siku moja madaktari wataona mapema mahali ndani ya mwili panapovimba na kuharibika. Nimeihangaikia miaka. Rangi nyingine zilififia nikiangalia, nyingine ziliua hata seli zenye afya. Kuna siku nililia kwa basi hadi Longbridge ninakoishi.

Mchumba wangu, nimuite K, tuko naye maabara moja. Rangi ilipokubali, profesa alikuwa safarini, kwa hivyo K ndiye mtu wa kwanza niliyemwita aone. Alinikumbatia akasema, "Babe, umeweza!"

Wiki hiyohiyo baba akafariki. K akanisindikiza airport. "Nenda umzike mzee. Seli zako niachie mimi." Jamani, nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwanaume wa aina hiyo.

Niliporudi niliingia kwenye kikao cha maabara nikakuta picha zangu za zile seli ukutani. Profesa akanipa pole ya msiba, kisha akasema nimekosa habari njema: K amepata rangi. Watu wakapiga makofi. K alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jioni nilimwita mkahawani Harborne.

"Mbona, K?"

"Si tunaoana? Yangu ni yako. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa unaisha, na visa nayo. Wewe bado una muda."

"Si ungeniuliza tu?"

"Ulikuwa matangani. Ningekuulizaje?"

Kwa hivyo nikimlilia baba, yeye alikuwa anajitayarisha kusimama mahali pangu. Hilo ndilo linaniuma kuliko rangi yenyewe.

Picha za kwanza za seli, zenye tarehe, ziko kwa kompyuta yangu, nikitaka kuthibitisha naweza. Lakini nikisema, atafukuzwa na kurudishwa Kenya. Watu wa kwao wameshakuja kwetu kujitambulisha, na mama yake hunipigia kila Jumapili akiniita mwanangu.

Jana K alikuja kwangu na chakula. Jumatatu atasimama mbele ya wageni wa profesa kuwaelezea rangi, na hajui kwa nini rangi inawaka kwa seli inayokufa pekee. Akanishika mkono: "Nifundishe tu hiyo sehemu, babe. Wakiniuliza nitaaibika."

Nilimwambia nitafikiria. Amenipigia simu tena na tena tangu asubuhi, sijashika.

Ndugu zangu, mnaojua ndoa na mnaojua kusalitiwa, niambieni ukweli bila kunionea haya. Nimfundishe, ama Jumatatu nikae pale mbele nimwangalie akiulizwa?