Kipofu Hakuanguka

Hospitali nzima ilimwita Mama Halo, kwa kuwa ndiye aliyepokea simu. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ngazi, chembamba kama droo. Humo alikaa, vidole juu ya vitufe, akiunganisha wodi na maabara, na watu wenye hasira na watu ambao kila siku walikuwa "wametoka kidogo". Alikuwa kipofu tangu utotoni, na neno hilo alilitumia mwenyewe bila kusita, kama mtu anayevaa kiatu kilichokwisha kumzoea mguu.

Kila Jumamosi mchana alichekesha watu kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Huko ndiko alikoonwa na mwongozaji wa filamu, kijana aliyekuwa akitengeneza komedi ya watu wanaojifunza kuchekesha jukwaani. Alimtaka awe mmoja wao, na aseme kichekesho chake mwenyewe, kile kinachochezea neno kipofu. Mama Halo alikubali palepale. Katika filamu zote alizowahi kuzisikiliza, kipofu alikuwa mtu wa kuonewa huruma au mtu wa kupigana na mlango. Safari hii angechekesha kwa akili yake.

Skripti ilipofika, dada wa mumewe alimsomea jikoni, kisu mkononi, viazi mapajani.

"'Mtu mwenye changamoto ya kuona anapanda jukwaani.'"

"Huyo nani?"

"Wewe, wifi. Nani mwingine? Halafu anasema, 'Kiti, kikombe, kijiko, mtu mwenye changamoto ya kuona.'" Wifi akaweka kisu chini. "Mbona hakichekeshi? Ukumbini nilicheka nusura nijikojolee."

"Wameing'oa ile ki. Bila ki, kichekesho kiko wapi? Endelea."

"'Kisha anajikwaa kwenye kipaza sauti, anamwangukia mzee wa safu ya mbele.'"

"Huyo mzee wameandika yukoje?"

"Hawajaandika."

"Basi simwangukii mtu nisiyemjua."

"We anguka tu, wifi, uonekane. Kuna wenye macho yao na hawajapata hata pa kuangukia."

"Nimepanda lile jukwaa Jumamosi ngapi? Umewahi kuniona chini?"

"Sijawahi."

"Basi."

Siku ya kupiga picha, alimkabili mwongozaji kabla hajapakwa poda.

"Dada, lile neno tuliliondoa kwa heshima," kijana alisema. "Filamu hii ni ya watu wa kila aina. Hatutaki kumuumiza mtu."

"Nashukuru. Ila neno mmeliondoa, mwereka mmeuacha. Heshima gani ya kuniziba mdomo halafu kunisukuma?"

Alimsikia akijikuna ndevu. "Basi tupige zote mbili, yako na ya kuanguka. Tutachagua baadaye."

"Hapana, mdogo wangu. Nikiwapa ya kuanguka, hiyo ndiyo mtakayochagua. Nipe yangu peke yake. Isipochekesha, nitarudi kwenye simu zangu, wala sitanuna."

Kijana alishusha pumzi. "Haya. Moja."

Mama Halo alifuata ukingo wa jukwaa kwa ncha ya kiatu, akakishika kipaza sauti bila kukipapasa.

"Mimi ni kipofu," alisema. "Lugha yetu ina mambo. Mpishi ni mtu, mlevi ni mtu, hata mwizi ni mtu. Mimi? Kiti, kikombe, kijiko, kipofu. Nikienda ugenini, wenyeji hawajui wanikaribishe sebuleni au wanipange kabatini. Jirani yangu kiziwi naye yumo humo kabatini. Tulikuwa tunasikitika, mpaka siku nilipopapasa nyuma kabisa nikamgusa kiongozi. Nikamuuliza, 'Mheshimiwa, na wewe umefuata nini huku?' Akasema, 'Mama, mimi sioni, tena sisikii.'"

Watazamaji wa kukodi walikuwa wameonywa wasicheke mpaka waonyeshwe ishara, na mwenye ishara alikuwa ameisahau mkononi. Kicheko cha kwanza kilimtoka fundi wa sauti, nyuma ya mitambo yake. Kisha ukumbi mzima ukamfuata.

"Kata," mwongozaji alisema. "Fundi, umeniharibia."

"Samahani, bosi. Huyo kiongozi hukuniambia kama yumo."

"Tunarudia, hivyohivyo." Kicheko kilikuwa hakijamtoka kooni. "Na yule mzee wa mbele mwondoleeni huo mto wa kuangukiwa hapo mapajani. Hatuuhitaji."

Mama Halo aliusikia mto ukitupwa pembeni. Alirudi kwenye nafasi yake ya kuanzia, akipita karibu na safu ya mbele.

"Usisikitike, mzee," alimwambia. "Mimi ni mzito."