Mguu wa Kushoto wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu anachechemea kidogo. Alipokuwa mtoto, kijijini kwetu Shinyanga, alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe na gurudumu likampitia juu ya mguu wa kushoto. Mfupa uliunga vibaya. Tangu hapo maziwa ya kwanza yalikuwa yake, mgongo wa mama ulikuwa wake, na kisimani nilikwenda peke yangu. Sikumchukia yeye. Lakini ule mguu niliuonea wivu kama mtu anavyomwonea wivu mke mwenza.

Tulipokuwa watu wazima nilipata kazi kwenye stoo ya vipuri ya mgodi mmoja upande wa Kahama, na huko nikajifunza gofu. Wafanyakazi tuna kiwanja chetu kidogo, chenye nyasi zinazokauka mapema. Niliupenda mchezo ule kwa sababu ulikuwa wangu. Nyumbani hakuna aliyejua hata fimbo inashikwaje. Halafu mdogo wangu akaajiriwa uuguzi kwenye zahanati ya hapo hapo, akahamia kwangu, na Jumamosi moja akaniambia, "Dada, na mimi nifundishe." Nikamfundisha. Haukupita mwaka, mpira wake ukawa unakwenda mbali kuliko wangu.

Mwaka jana alikuja mwalimu wa gofu kutoka Arusha, kuchagua mwanamke mmoja wa kutuwakilisha kwenye mashindano ya Mwanza. Alileta kifaa ambacho hatukuwahi kukiona: vibao viwili vyeusi, bapa kama mizani ya kliniki, vimeunganishwa na kompyuta. Unasimama, kila mguu na kibao chake, unapiga mpira, na kompyuta inaonyesha uzito wako uko mguu gani tangu unapoinua fimbo mpaka unapoishusha. Mpigaji wa mkono wa kulia, alisema, huupeleka uzito kulia anapoinua fimbo, na anapopiga, karibu wote uwe umeshafika kushoto.

Kushoto! Nilifurahi moyoni. Niliona leo mashine itasema kile ambacho watu wote walikuwa wanaona haya kukisema.

Nilianza mimi. Nilipiga, mpira ukapinda ukaishia vichakani. Kwenye kompyuta unyayo wangu wa kulia uliwaka mwekundu. Wa kushoto ulikuwa umefifia, hata vidole havikuonekana.

"Uzito wako umebaki nyuma," mwalimu akasema. "Rudia."

Nikarudia. Ukabaki nyuma tena.

Akapanda mdogo wangu. Alipopiga, ulisikika mlio mmoja safi, na unyayo wake wa kushoto ukawaka wote, kuanzia vidoleni hadi kisiginoni. Mwalimu alisogeza uso karibu na kompyuta, kisha akamtazama miguuni.

"Nimekuona unachechemea. Si ndio mguu huu?"

"Ndio huo," mdogo wangu akajibu. "Ulivunjika nikiwa mdogo, nikawa naogopa kuukanyagia. Dada ndiye alikuwa ananisimamisha uani, ananiambia egemea, egemea, sikuachii."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Wenzetu waliokuwa pale wakanigeukia wakitabasamu, kana kwamba nimepewa zawadi. Mimi nilitamani asingekumbuka. Hata wema wangu nilikuwa nimeutia kwenye mguu ule ule.

Alichaguliwa yeye. Alikwenda Mwanza akarudi na kikombe cha mshindi wa pili, tukakipeleka nyumbani. Mama alikipokea kwa mikono miwili.

"Mwanangu, na mguu wake huo!" akasema, akakiweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Baadaye sana, tukiwa tunachambua mboga, akaniuliza, "Na wewe bado unacheza?"

"Bado, mama."

Siku hizi mdogo wangu ndiye anayenifundisha. Jioni baada ya kazi husimama nyuma yangu, hunishika kiuno na kunisogeza taratibu mpaka nihisi uzito umehama. Ana mikono ya muuguzi, haina haraka. Kufundishwa naye kunaniuma kila mara, na kila mara nakubali, kwa sababu mpira kweli umeanza kunyooka.

Wiki iliyopita nilipiga mpira mmoja ukaruka juu, ukanyooka, ukadondoka karibu kabisa na bendera ya shimo. Sijawahi kupiga vile. Niligeuka haraka nione uso wake. Alikuwa amenipa mgongo, anapiga picha na wafanyakazi wapya waliokuja kumwona bingwa wetu.