Karamu Iliyowangoja Wenye Mtama

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote. Chifu amekaa kwenye kiti chenye mikono, bwana shamba yuko pembeni yake, wenye maduka wa Homa Bay wamevaa vizuri. Mbele yao kuna ugali wa mtama unaotoa moshi, kuku, na osuga, ile mboga ya mnavu, iliyopikwa kwa maziwa mpaka ikalainika. Na hakuna mkono hata mmoja unaogusa chakula. Nzi ndio waliokuwa wakila.

Nakuandikia hili kwa sababu nimesikia kikundi chenu cha shamba kinataka kuita wageni waje wale hotelini, halafu wachange mpate pampu ya maji. Vizuri. Lakini nisikilize kwanza.

Wakati huo Uhuru ulikuwa bado mpya. Mimi nilikuwa mke kijana, nimetoka Kanyamkago kule Migori, nimeolewa huku kando ya ziwa, na watu wakiniita nyar Kanyamkago, binti wa Kanyamkago. Jua lilikuwa limetuchoma na tulikuwa tumekula mahindi ya njano ya msaada. Wewe hujawahi kusimama na gunia tupu huku karani anakuangalia kama kuku mgonjwa. Sisi tulisimama. Mwisho wanawake tukasema basi, kulishwa kumetuchosha. Tukawaomba wazee wa ukoo ile ardhi ya chini karibu na maji, tukalima pamoja. Mtama, wimbi, kunde, viazi vitamu. Mbegu zetu wenyewe, mbolea ya ng'ombe wetu wenyewe. Mtama ulikua ukawa mrefu kuliko waume zetu, na sisemi hivyo kuwatukana.

Shida ilikuwa viboko. Kiboko haji kama mwizi, anakuja kama mwenye shamba. Anakula, anakanyaga, halafu anajisaidia juu ya kilichobaki. Wazee wakatuambia waziwazi: msipoweka uzio kabla ya mvua kubwa, ardhi hii tunampa mtu mwenye kutaka kulima pamba. Pamba haipikwi, mwanangu. Kwa hiyo tukaamua kufanya harambee ya chakula. Tuwaite wenye uwezo, waje wale mavuno yetu mapya, waone kazi ya mikono yetu, watusaidie uzio.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Odhiambo, mke wa polisi mstaafu. Alikuwa ameishi Kisumu na alijua kukunja vitambaa vya meza. Mwanamke mwema, mchapakazi, lakini alikuwa anaogopa macho ya watu. Tulipokuwa tunapanga akasema, "Wale mama zetu wakongwe wabaki nyumbani. Watavuta ugoro mbele ya chifu watutie aibu."

Mmoja wetu akauliza, "Na mtama mpya je?"

Sasa hapo nikueleze. Kwetu, mavuno mapya hayaliwi ovyo. Mke wa kwanza wa boma, mikayi, ndiye anayepika na kuonja kwanza. Wengine wanafuata. Mke mdogo au mke wa mtoto akitangulia, watu wanasema ameita chira, ile laana inayomkausha mtu akiwa hai. Mama Odhiambo akajibu, "Shamba hili si la boma la mtu. Halina mikayi. Kwa hiyo hakuna anayetanguliwa." Ilisikika kama maneno ya akili. Tukanyamaza. Lakini mtu akinyamaza usifikiri amekubali.

Siku ikafika. Tulipika tangu alfajiri, vyungu vipya kutoka soko la Kosele, kuni kavu. Mzee Salim, Mwislamu mwenye duka la vifaa mjini, alikuja mapema akachinja kuku mwenyewe ili ale kwa amani. Tukapakua. Mama Odhiambo akawakaribisha kwa Kiingereza kidogo na Kiswahili kingi.

Mzee Salim akanawa, akatuangalia sisi wapishi tuliosimama kando. "Njooni tuanze pamoja," akasema. "Mwenye nyumba hutangulia, mgeni hufuata."

Tukaangalia chini. Hakuna aliyesogea.

"Wao wameshakula jikoni," akasema Mama Odhiambo upesi.

"Wamekula nini, mama? Nimekaa karibu na jiko tangu asubuhi. Sijaona mdomo ukitafuna."

"Basi... wamefunga. Wanaomba Mungu."

"Wote? Hata huyu mwenye mtoto mgongoni?"

Mtu akacheka, kisha akaacha. Bwana shamba akausukuma ugali mbali kidogo, kwa kidole kimoja. Unajua watu wanawaza nini, mpishi akikataa chakula chake. Chifu akaanza kutafuta fimbo yake. Nikaona uzio unaondoka, ardhi inaondoka, na sisi tunarudi kwa karani na magunia yetu.

Basi nikatoka pale kando nikasimama mbele yao. Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia samaki, lakini kilitosha. Nikasema, "Mzee Salim, chakula hakina ubaya. Huu ni mtama mpya. Mama zetu hawajauonja, na sisi hatuwezi kuwatangulia. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine."

Mama Odhiambo alinitazama kama anataka kunimeza na kanga yangu.

Mzee Salim akakaa vizuri. "Kumbe! Na hao mama wako wapi?"

"Nyumbani."

"Wana ugonjwa?"

"Hawana. Hatukuwaita."

Akacheka mpaka kofia ikahama. "Waiteni basi. Mimi nangoja. Chifu, unangoja?" Chifu angesema nini? Akangoja.

Nilikimbia kwa mama mkwe wangu, Mama Ouko, mikayi wa boma letu. Nilimkuta anapepeta wimbi kwenye ungo. Nikamweleza yote. Hakuinua hata uso.

"Mmekwama ndiyo mkakumbuka nina meno?"

"Ndiyo, mama."

"Angalau wewe husemi uongo." Akaweka ungo chini. "Siendi peke yangu. Mtama ule umelimwa na wake wa maboma mengi. Nikionja mimi, nimeonja kwa boma langu tu. Twende tuwachukue wenzangu."

Tukapita boma kwa boma. Walitoka wote, na fimbo zao na ugoro wao, mmoja amevaa koti la marehemu mumewe. Na walikuwa wanaongea! Njia nzima ni kutusema: eti watoto wa siku hizi, eti vitambaa vya meza.

Walipofika, Mama Ouko hakuwasalimu wageni kwanza. Alikwenda jikoni. Akachungulia ugali uliopikwa, akasema, "Huu weka kando. Teleka maji." Maji yalipochemka, akachukua unga wa mtama kiganjani akautia chunguni. Akampisha mwenzake, naye akatia. Hivyo hivyo, kila mama kiganja chake, kwa boma lake, kuanzia mkubwa hadi mdogo. Ugomvi ulikuwa hapo hapo kwenye ukubwa.

"Mimi nilizaliwa kabla yako!"

"Ulizaliwa kabla yangu, lakini niliolewa ukiwa bado unachunga mbuzi!"

Wageni walikuwa wamesogeza viti kutazama. Bwana shamba alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Mama Ouko akasonga kwa mwiko mpaka jasho likamtoka, akageuza. Chifu mwenyewe akainuka akampa kiti chake. Mama Ouko akakata tonge, akachovya osuga, akatafuna polepole, watu wote wakiangalia taya lake, kisha wenzake nao wakaonja.

"Chumvi imezidi," akasema. "Lakini mtama ni mtama. Kuleni."

Tukala! Sisi na wageni, mikono kwenye chungu kimoja. Na kabla hajamaliza, Mama Ouko alimgeukia Mama Odhiambo, bila kupaza sauti. "Binti yangu, ulinificha mimi, mgeni akadhani umeficha sumu. Aibu uliyoikimbia ndiyo uliyoipika." Mama Odhiambo akapiga goti akamnawisha mikono. Yakaisha hapo.

Mzee Salim alisimama akasema hawezi kuacha kiboko ale chakula kilichowangoja wakubwa namna hii. Akatoa seng'enge dukani kwake. Chifu akaahidi nguzo, na nguzo zikaja. Uzio ulisimama kabla ya mvua, na ardhi ile hadi leo inalimwa chakula. Hata wewe umekula viazi vyake.

Sasa, mwanangu, nakuambia waziwazi. Pale hotelini mnapotaka kufanyia, mkawalishe watu chipsi na soda halafu muwaombe pampu ya kukuza mboga? Wataamini nini? Pika cha shamba lenu. Kabla ya kuandika majina ya wageni, jiulize chakula hiki ni cha nani, na hao wakae mbele. Wazee wenu waite siku mnapopanga, si siku mnapokwama. Na kama mna jambo lenu ambalo mgeni halijui, mweleze tu. Mgeni hakimbii mila ya mtu, anakimbia kufichwa. Usione haya kwa sababu mtu amevaa viatu vizuri kukuzidi. Yeye amekuja kula kwako, wewe hujaenda kula kwake.

Nenda kalime. Udongo ukukubali, mbegu yako isioze, mvua ikukute umeshapanda. Nyasaye, Mungu wetu, akupe ghala la kujaza na watu wa kulimaliza, na uzeeni kwako wawepo wa kukuita mezani mapema.