Mkono Ulioinuliwa

Miaka kumi na moja mama yangu amesugua viatu vya sanamu ya kiongozi aliyetuletea uhuru, katika bustani wanakopigia picha watalii. Sehemu ya juu ilisafishwa na mwanamume mwenye ngazi, ati mwanamke atapandaje. Juzi huyo mwanamume akaugua, mama akapanda mwenyewe. Alipougusa mkono ulioinuliwa, akautambua. Kidole cha mwisho kilichopinda, kovu la kiganjani, vyote vya marehemu baba yangu. Baba aliwahi kumchanganyia plasta mchongaji wa sanamu hiyo. Kumbe alimpa na mkono wake auige.

Chini, mwongoza watalii alikuwa akiwaambia wageni, "Mkono huu haukumwonea mtu."

"Mkono huu," mama akasema kutoka ngazini, "ulining'oa meno mawili."