Stuli ya Mzee Kidevu

Ukimuuliza mtu kazi ya kidevu, atakwambia ni mahali pa kuoteshea ndevu, basi. Lakini kulikuwa na mpiga picha mmoja aliyeamini kwamba mtu mzima mzima anakaa kwenye kidevu chake. "Inua kidevu kidogo," alimwambia kila aliyeketi mbele ya kamera yake. "Kidogo tena. Ah, hapo umezidisha, sasa unaonekana kama unataka kupigana." Alilisema neno hilo miaka mingi, mpaka jina lake la kuzaliwa likapotea na watu wakabaki kumwita Mzee Kidevu, na yeye akaitika.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja, kimebanwa kati ya fundi cherehani na duka la madaftari. Ukiingia, kushoto kuna pazia la rangi ya samawati la kupigia picha. Kulia kuna kioo kirefu cha kujitazama, na chanuo limefungwa kwa uzi kwenye msumari, maana machanuo matatu ya kwanza yaliondoka na wateja wenye nywele nzuri. Mbele kabisa ipo meza ya kompyuta. Na kando ya meza, stuli ya mbao yenye mto wa kitambaa cha maua, alioushona fundi cherehani wa jirani.

Stuli hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Programu ya kusafishia picha aliyokuwa nayo Mzee Kidevu ilikuwa ya zamani, na kompyuta yenyewe ilinguruma kama kinu cha kusaga. Akiambiwa aondoe mkunjo kwenye picha, aliuondoa kwa mkono, nukta kwa nukta: anachukua rangi ya shavu hapa, anaipaka pale, anasubiri mstari wa kijani utambae kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine, halafu anaanza nukta nyingine. Tena hakuweza kufanya kazi hiyo bila mwenye picha kuwa karibu. Alikuwa na maswali.

"Kovu hili la kwenye nyusi libaki au liondoke?"

"Liache, mzee. Alilipata siku aliyokimbizwa na bata."

"Bata?"

"Bata! Tena bata wa jirani."

Basi hapo umeshakwenda na maji. Bata anamleta jirani, jirani analeta ugomvi wa ua, ua unaleta ndoa ya dada wa mwenye ua, na mstari wa kijani bado uko katikati ya skrini. Mzee Kidevu anamimina chai kutoka kwenye chupa, vikombe viwili, na watu wawili wanakaa bega kwa bega wakimtazama mtu wa tatu ambaye hayupo.

Jioni alifunga studio akarudi nyumbani. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yao wa pekee alifanya kazi katika mji wa mbali. Mzee Kidevu alikuwa na tabia moja ambayo hakumwambia mtu. Akifika, aliwasha redio chumbani, kisha akaenda kukaa sebuleni. Ukiisikiliza redio kutoka chumba cha pili, maneno hayasikiki vizuri, na ndivyo alivyotaka. Ilikuwa kama kuna mtu mle ndani anazungumza na mwenzake.

Mambo yakaanza kuharibika pole pole. Wateja walianza kuja na picha zilizomo ndani ya simu, na ile programu ya zamani ikazikataa. Kila akijaribu kufungua, ilimwandikia: *Faili hili halitambuliki.* Mteja anasimama mlangoni, simu mkononi, anauliza, "Kwa hiyo haiwezekani?" Na Mzee Kidevu anajibu, "Labda uje na ya karatasi, mwanangu," na mteja anaondoka na tabasamu la adabu, lile la mtu ambaye hatarudi. Stuli ikaanza kukaa na vumbi. Ikafika siku chai inapoa kwenye chupa na kikombe cha pili hakijaguswa.

Binti yake alipozipata habari hizo, alimtumia kompyuta mpya, nyembamba kama sahani, ndani yake mna programu mpya ya picha, ya kujaribu bure kwa mwezi mmoja. "Ukiipenda unabonyeza kuendelea, nitalipia mimi," alimwambia kwenye simu. "Usipoipenda inajifunga yenyewe. Lakini Baba, utaipenda."

Picha ya kwanza aliyoijaribu ilikuwa ya mkewe.

Picha hiyo ilikuwa imekunjwa, na mkunjo ulipita katikati ya uso. Baada ya msiba, Mzee Kidevu aliwahi kuisafisha kwa ile programu ya zamani, na kazi hiyo ilimchukua msimu mzima wa mvua. Leo jicho, kesho pembe ya mdomo. Kuna wiki nzima aliyokaa na sikio moja tu, na kila nukta ya sikio hilo ilimkumbusha jambo alilowahi kulinong'oneza.

Sasa akaitia picha ileile chafu kwenye programu mpya, akabonyeza. Hata mate hayajashuka kooni, mkunjo haupo. Akasogea karibu. Akatafuta kosa, maana moyoni alilitamani kosa kama mtu anavyotamani maji. Hakuliona. Macho yalikuwa yake, pembe ya mdomo ilikuwa yake, hata lile sikio. Programu ilikuwa imefanya vizuri kuliko yeye. Aliketi akiitazama, mikono mapajani, hana la kufanya. Mkewe alikuwa amekuja na kuondoka kwa bonyezo moja.

Wateja walipopata habari kwamba Mzee Kidevu ana mashine mpya, walirudi. Sasa picha za simu zilifunguka, madoa yakaruka, mashati yakawa meupe. Mteja akinyoosha mkono kuvuta stuli, kazi imeisha. "Tayari?" wanashangaa. "Lo, mzee, umekuwa mchawi!" Wanalipa, wanatoka. Siku moja alihudumia watu kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na alipokuwa akifunga mlango aligundua kwamba hajamimina chai hata mara moja.

Akaenda kusimama kwenye kizingiti cha fundi cherehani.

"Leo nimepata watu wengi ajabu," alisema.

"Nimewaona. Wamepanga foleni mpaka kwenye mlango wangu, wananizibia mwanga."

"Na simjui hata mmoja. Sijui nani ana watoto, nani kafiwa, nani kakimbizwa na bata."

Fundi cherehani akaung'ata uzi, akautema. "Kwani wewe ulikuwa unauza picha au unauza umbea?"

"Sasa ndiyo najiuliza."

"Acha maneno, Kidevu. Kipya kinyemi, hata kikiwa kidonda. Mimi wangeniletea cherehani inayoshona suruali kwa kupiga chafya, ningepiga chafya mchana kutwa."

"Halafu ukimaliza kupiga chafya?"

Fundi akafikiri. "Nitakwenda nyumbani kwangu," akasema, "kwa mke wangu na wale wajukuu watundu." Kisha akaona alichokisema, akainamia nguo, na cherehani ikaanza kukimbia kwa kasi isiyo na sababu.

Siku za majaribio zikayoyoma. Kila asubuhi programu ilimwonya kwa kisanduku kidogo cheupe katikati ya skrini kwamba muda wake unakaribia kwisha: *Endelea*, au *Funga*. Mzee Kidevu alikisukuma pembeni kila siku. Akichagua *Endelea*, wateja watakuwepo, lakini watapita kama upepo dirishani. Akichagua *Funga*, atarudi kwenye mashine yake ya kunguruma, na stuli itakuwa na nafasi tele, ila wa kuikalia hatakuwepo. Alizipima njia zote mbili, na mwisho wa kila njia alijiona amekaa peke yake.

Binti yake akapiga simu. "Baba, umeamua?"

"Bado naitazama."

"Ina kasoro gani?"

"Haina."

"Sasa?"

"Ile ya zamani nimeizoea, mama." Alizoea kumwita mama tangu alipokuwa mchanga, kwa kuwa alichukua jina la bibi yake.

"Baba, mazoea si sababu. Kwanza hii itakupa muda mwingi."

"Muda wa kufanya nini?"

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu akimwita binti, na milango ikifunguka na kufungwa. "Baba, naitwa mara moja. Nitakupigia," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesikia swali na kuliogopa.

Siku ya mwisho ya majaribio, mchana, mvua ndogo ikinyesha, akaingia Bibi Mkunga. Kila mtu alimjua. Alikuwa amestaafu, lakini mikono yake ndiyo iliyowapokea vijana wengi waliokuwa wakipita barabarani. Alikunguta mwavuli, akatoa bahasha kwapani, na kutoka kwenye bahasha akatoa picha ya wasichana wawili waliovaa gauni za kitambaa kimoja. Maji yalikuwa yameipata. Doa la kahawia lilimfunika mmoja kuanzia shingoni hadi kwenye nywele.

"Huyu ni mimi," alisema, akigusa msichana aliyebaki safi. "Na huyu aliyezama ni dada yangu. Paa langu lilivuja, likamchagua yeye. Hata akiwa hai mambo yote yalimpata yeye." Akavuta stuli bila kuambiwa, akaketi.

Mzee Kidevu akaipitisha picha kwenye mashine ya kunakili, ikatokea kwenye skrini. Skrini ilikuwa imegeukia kwake, mbali na stuli. Akabonyeza. Doa likatoweka, na msichana akatokea, mdomo wazi kidogo, kama aliyekatizwa katikati ya neno.

Kazi imekwisha. Angesema, "Tayari, Bibi," naye angesimama, angekunguta tena mwavuli wake. Mkono wa Mzee Kidevu ukabaki juu ya kipanya. Alijisikia akisema:

"Itachukua muda kidogo, Bibi. Mashine inafikiri."

"Iache ifikiri," alijibu Bibi Mkunga. "Mimi sina ninakokwenda."

Mzee Kidevu akafungua chupa ya chai. Akamimina vikombe viwili. Kisha akaanza kukizungusha kipanya huku na huku, anaikuza picha, anaipunguza, anakunja uso kama mtu mwenye kazi nzito.

"Alikuwa mkubwa wako?"

"Mdogo, lakini usingejua. Alikuwa na mdomo huyo! Siku tuliyopigwa picha hii aliambiwa na mpiga picha afunge mdomo. Akamwambia, nikifunga mdomo utapiga picha ya nani?" Bibi Mkunga akacheka, akafuta jicho kwa pembe ya khanga. "Tulilala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa. Alikuwa anazungumza hata usingizini. Sasa nyumba yangu, mwanangu, ukidondosha sindano unasikia inapogonga, halafu unasikia inavyobingirika. Nusu ya mji huu nimewapokea kwa mikono hii, na hakuna hata mmoja anayebisha hodi."

Mzee Kidevu alitaka kumweleza habari za redio ya chumba cha pili. Badala yake akakuza ukosi wa gauni, akautazama kwa makini.

Ndipo kile kisanduku cheupe kikajitokeza katikati ya skrini.

"Hicho kibandiko kilichomfunika dada yangu kinasema nini?" aliuliza Bibi Mkunga. "Herufi zimegeuka, sizisomi."

Mzee Kidevu akageuka. Bibi Mkunga hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama nyuma ya bega lake, kwenye kile kioo kirefu cha kujitazama. Na ndani ya kioo ilikuwemo skrini yote, na wasichana wawili, safi kabisa, hawana hata tone la doa.

Joto likampanda masikioni. "Bibi, umeiona tangu lini?"

"Tangu ulipobonyeza."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?" Bibi Mkunga akanywa chai, akakiweka kikombe gotini. "Haya, nisomee. Kinasema nini?"

"Kinauliza kama naendelea na mashine hii au naifunga. Muda umekwisha."

"Ukiifunga?"

"Nitakuwa na nafasi, watu hawatakuja. Nisipoifunga watakuja, ila hawatakaa."

"Waliokuja wote hawakukaa?"

"Wanaona kazi imekwisha, wanaondoka."

"Uliwaambia wakae?"

Miaka yote mstari wa kijani ndio uliokuwa ukiwaambia kwa niaba ya Mzee Kidevu. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, hajawahi kumwomba mtu akae. Hata kwa binti yake hajawahi kulitamka ombi hilo.

Akakisogeza kipanya. Akabonyeza *Endelea*. Kisanduku kikaondoka, na dada akarudi, mdomo wazi, akisubiri kumalizia neno lake. Kompyuta haikunguruma. Nje mvua ilikuwa imekatika, na watu walianza kupita tena, kila mmoja na safari yake.

Bibi Mkunga akaushika mwavuli, lakini hakuuinua.

"Bibi," alisema Mzee Kidevu, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. Akaugeuza uso wa skrini, taratibu, mpaka ukaielekea stuli. Akaweka kidole juu ya mkono wa gauni, mahali palipokuwa safi kama karatasi mpya. "Naona kama hapa kuna doa."

Bibi Mkunga akasogeza stuli karibu. Akainama, akapatazama pale kwa muda mrefu.

"Nami naliona," akasema. "Hilo si la kutoka leo wala kesho."