Ondoa Nyongeza Kwanza

Mdogo wangu alifeli hesabu kidato cha nne, akazaa, akalea, na alipotimiza miaka ishirini na sita akaamua kuwa muuguzi. Chuo kikamjibu kwamba masomo mengine yako sawa, alete ufaulu wa hesabu. Ikabidi arudie mtihani huo mmoja. Mimi nauza samaki Ufukoni, shule niliishia la saba, lakini kitu hakipiti mkononi mwangu bila kuhesabiwa mara mbili. Nikaona shauri hili linanihusu.

Mwalimu tulimpata kwa jirani huku Likombe, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa kwetu. Alikubali kumfundisha bure, Jumatatu na Jumatano. Nikamwambia, "Mwalimu, hata samaki wana nyongeza." Akacheka, akaongeza Ijumaa.

Walisomea barazani kwangu, mimi pembeni napara samaki. Mpe mdogo wangu namba tupu, anazimaliza. Mpe hesabu za mafumbo, anaganda kama kaitwa polisi.

Wiki mbili kabla ya mtihani, mwalimu akaona amrahisishie. Swali la kitabuni lilikuwa la penseli na maboksi, kwa Kiingereza. Akaligeuza: "Muuza samaki kapanga mafungu matano yaliyo sawa. Pembeni wamebaki vibua wanne. Jumla anao thelathini na tisa. Kila fungu lina wangapi?"

Mdogo wangu akagawa thelathini na tisa kwa tano, akapata saba nukta nane. Akaondoa nne. "Tatu nukta nane," akasema.

"Huyo wa nukta nane ni kichwa au mkia?" nikauliza.

"Dada, niache."

"Na wale wanne wa pembeni?"

"Si nyongeza hao? Mtu akinunua fungu unamtupia mmoja."

"Mafungu matano, nyongeza wanne. Mteja wa tano ataondoka kanuna."

Mwalimu akashika kichwa. "Jamani, kwenye swali hakuna nyongeza."

"Basi huyo si muuza samaki wa hapa."

Nilicheka mwenyewe, kisha nikaona mdogo wangu hacheki. Alikuwa amefunga daftari. "Siwezi, dada. Nitadeki tu."

Miaka minne sasa anadeki sakafu za zahanati, na wauguzi wanapita juu ya maji yake. Utani ukanikauka mdomoni.

Nikanawa mikono, nikaleta mabakuli matano. Nikahesabu vibua thelathini na tisa, nikawapa mgongo, nikagawa sawasawa, nikafunika. Wanne nikawaacha kwenye sinia.

"Ndani ya bakuli mna wangapi?"

"Sijui."

"Iandike hiyo sijui."

"Hiyo ndiyo x," mwalimu akadakia, "na zipo tano."

Mdogo wangu akaandika: 5x + 4 = 39.

"Mimi nikiuza," nikamwambia, "naanza na fungu au na nyongeza?"

"Fungu. Nyongeza mwisho."

"Sasa unarudi kinyumenyume. Utaanza na nini?"

Akatazama sinia. Akawaondoa wale wanne, halafu, bila kuambiwa, akaondoa nne upande wa pili wa hesabu pia. Zikabaki x tano sawa na thelathini na tano. Akagawa kwa tano.

"Saba," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Alitaka kufunua bakuli. Nikamshika mkono. "Hesabu tena kwanza."

Saba mara tano, thelathini na tano. Ongeza nne, thelathini na tisa. Hapo ndipo nikamruhusu afunue. Walikuwa saba.

Siku ya mtihani alinipigia simu akiwa bado getini. "Dada, limekuja la abiria na mabasi."

"Ukafanyaje?"

"Nikaondoa nyongeza kwanza. Halafu nikahakiki."

Matokeo yalipotoka alipata D. Nikamuuliza kama D ni kufaulu, akasema ndiyo. Nikamuuliza tena. Akasema ndiyo, dada, chuo kinaipokea, na hapo akaanza kulia, na mimi nikajifanya nashughulika na magamba.

Mwalimu nilimpelekea fungu la vibua saba. Na nyongeza wanne.