Alizeti ya Kupashia Mashine

Nina hasira na watu nisiowajua, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Jirani akinikosea najua pa kwenda. Nitapita kwake asubuhi, tutasalimiana vizuri kwanza, kisha nitamwambia usoni. Lakini wale waliokuwa wakigombania mlango wa bahari wa Hormuz, nani ana haki ya kuruhusu meli za mafuta zipite na nani hana, nitawapata wapi? Mimi naishi Iguguno, mkoani Singida. Bahari sijawahi kuiona, na kwa walichotufanyia sina hamu tena ya kuiona.

Kaka yangu ana mashine ya kukamua alizeti pembeni mwa barabara kuu, kwenye banda la bati aliloachiwa na baba. Inaendeshwa kwa dizeli, maana umeme wa kuzungusha mota kubwa haujafika upande wetu. Kwetu kila mtu huleta alizeti yake, hukaa hapo hapo juu ya gunia lake akisubiri zamu, na huondoka na mafuta yaliyotoka kwenye alizeti hiyo hiyo. Ukimchanganyia na ya mwenzake umemtukana.

Sasa mashine ikiwa baridi ni mlafi. Inakula alizeti na haitoi kitu cha maana. Mashudu yanatoka manene, mafuta yamebaki humo ndani, na mwenye mali anaangalia tu. Kwenye mashine nyingi anayewahi ndiye anayeumia. Baba alikataa mambo hayo. Alisema mgeni hawezi kuja kumpashia mwenye nyumba mashine yake. Kwa hiyo kila asubuhi ya msimu ndoo ya kwanza ilikuwa alizeti ya kwetu, na tangu baba afariki, mama ndiye anayeileta, kichwani, kutoka nyumbani. Mashine ikishapata moto inakwenda mpaka jioni. Ndoo moja kwa siku haikuwahi kumuumiza.

Habari za mlango kufungwa zilitukuta msimu umechanganya, na banda zima lilifurahi. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alisema wafunge hata mwaka mzima, mafuta ya kupikia yanayoletwa na meli yatakoma, watu wa mjini watatutafuta sisi wenye alizeti. Watu walicheka, wakagongeana mikono. Wengine walirudisha magunia nyumbani wangojee bei ipande. Hakuna aliyejiuliza dizeli iliyokuwa ikinguruma nyuma yake pale pale inatoka wapi. Nikikumbuka vicheko vile natamani kuwazaba vibao, mmoja mmoja, na mzee yule ningemwamkia kwanza.

Alizeti haikupanda. Kilichopanda ni dizeli, halafu ikaacha kupanda kwa sababu haikuwepo. Sheli walizungushia kamba pampu zao. Malori ya kubeba mafuta yetu yalipungua barabarani. Kaka akawa ananunua kwenye vidumu kwa watu wanaouza kwa kujificha, leo kidogo, kesho hakuna. Akipata anawasha, anamkamulia mtu mmoja au wawili, anazima ili asimalize yote. Akipata tena anawasha upya. Na kila anapowasha, mashine ni baridi. Mama alikuwa analeta ndoo asubuhi, analeta mchana, na jioni namwona anakuja tena na nyingine.

Kaka alijaribu kumzuia. "Mama, sasa basi. Anayekuja kwanza apashe mwenyewe. Wote wanaijua hali."

"Hiyo hali wameileta wao?"

"Basi tupashe kwa mashudu."

"Mashudu yako wapi? Si umeshawauzia wafugaji yote."

Nilikuwa upande wa kaka, na niliongea kwa ukali kuliko inavyofaa kumwambia mzazi. Nilimwambia ataimaliza alizeti yake kwa ajili ya watu ambao kesho hawatamkumbuka. Mama alisema tukitaka kubadili utaratibu wa baba yetu tungoje yeye afe kwanza. Mama yangu akishafika hapo, mazungumzo yameisha.

Nyumbani nilikuwa nikisikiliza redio huku nachambua mchele, na kila jioni yalikuwa yale yale. Huyu anasema maji ni yake. Yule anasema maji ni ya wote, lakini na yeye ameleta manowari. Meli zimetia nanga zinasubiri waungwana wamalize kuoneshana vifua. Niliitukana redio mpaka mume wangu akawa anaizima nikiingia.

Mvua zilipokaribia nilikwenda bandani kumtafuta mama. Nilimkuta ameinama na ungo, anapepeta alizeti, na majivu yanaruka. Alizeti ya kukamua hatuiweki majivu. Majivu ni ya mbegu, isibunguliwe, na mbegu ile mama huichagua mwenyewe shambani, vichwa vikubwa tu, anaihifadhi kwenye kiroba juu ya jiko. Pembeni alikaa mama mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka mbali na kigunia chake, na mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza siku hiyo.

Nilishika ungo. "Mama, hii ni mbegu."

"Najua. Nimeichagua mimi."

"Utapanda nini?"

"Mvua bado. Achia ungo, dizeli inaungua bure."

Kaka alikuwa ameshawasha na hakutaka kututazama. Ningeweza kumnyang'anya mama. Nilikuwa na nguvu kuliko yeye, na nilitaka. Ila kumpora mama yangu ungo mbele ya mgeni sikuweza, basi nikaachia, na mashine ikala mbegu ile yote, ikatema mashudu manene. Yule mama wa watu alikamuliwa baadaye, akapata mafuta safi, akashukuru, akaenda zake. Hakujua chochote. Na yeye nilimkasirikia, mpaka mgongo wa mwanawe uliponipotea machoni.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule, kwa dharau. Mbegu za dukani zilikuja zimechelewa, na bei yake ilikuwa imebeba nauli yote ya dizeli. Nilimgawia mama nusu ya mbegu yangu, akapanda kipande karibu na nyumba. Shamba kubwa likaota nyasi. Kaka alikuwa akizunguka njia ndefu kwenda bandani ili asilipite.

Wakati wa palizi mama alikwenda kufanya kibarua kwenye mtama wa watu ili apate chakula, na mimi nikamfuata kwa sababu nisingeweza kukaa nyumbani. Siku moja tulikuwa katikati ya mistari, redio ya simu ikiwa mfukoni mwangu, wakatangaza kwamba wamekubaliana. Meli zinapita. Kila upande unasema umeshinda.

Nilimweleza mama. Aliegemea jembe, akajifuta jasho, akafikiri.

"Na wao," aliuliza, "mwaka huu wamelima?"

Nilimwambia sijui, mama. Akainama, akaendelea kupalilia shamba la watu.